Msikilizaji Mmoja, Mahali Hapajulikani

Kama kuna mtu ambaye hakupaswa kukabidhiwa kompyuta ya kanisa, ni Heri. Si kwamba hakujua kazi. Aliijua kupita kiasi, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mtu asiyejua sana angeweka programu za kawaida, akafunga mlango wa stoo, akaenda zake kula wali. Heri yeye alikuwa na mapenzi.

Alichokipenda, ukimwacha mkewe Uwase na binti yao mchanga, ni Tamm. Tamm ni Linux, na Linux, kwa asiyeijua, ni ule mfumo wa bure unaoendesha kompyuta nyingi zinazohudumia mtandao. Ina koo nyingi, kila ukoo huitwa distro, na kila distro ina watu wake wa kuisifia. Kuna distro kubwa zinazotumiwa na mabenki na mahospitali. Tamm haikuwamo. Ilitengenezwa na marafiki wachache huko Estonia, na watumiaji wake wote duniani, ungewakusanya, wangeenea kwenye gari la Mchungaji Callixte, ile Sienna yake, na kiti kimoja kikabaki. Heri aliliona hilo kuwa sifa. Kazini, ambako alishinda akipokea simu za watu waliosahau nywila zao, hakuna aliyemuuliza maoni yake kuhusu lolote. Kwenye Tamm alikuwa mtu.

Kompyuta yenyewe ilikaa stooni, chini ya kanisa lao la Columbia Heights, katikati ya kanzu za kwaya na masufuria makubwa ya sherehe. Kazi yake ilikuwa moja tu, kurusha redio ya kanisa. Waumini walikuwa Wakongo wa Kivu waliofika Minnesota kwa kupitia makambini, na ndugu zao wengi walikuwa bado kule Nakivale, Uganda, ambako video inakula bando lote kabla mhubiri hajafungua Biblia. Kwa hiyo Heri alirusha sauti tupu, nyembamba, iliyobanwa mpaka ikaweza kupenya kwenye simu yoyote. Ibada ilipoanza saa nne asubuhi Columbia Heights, kule jua lilikuwa linazama, na watu walitoka nje na viti vyao kusikiliza.

Nusu saa kabla ya ibada alijaribu maikrofoni. Wengine husema "moja, mbili" wakaishia hapo. Heri, akiwa peke yake mbele ya mabenchi matupu, alijisahau. "Moja, mbili. Moja, mbili. Leo baridi si mchezo, gari imekataa kuwaka mpaka jirani akaja na nyaya zake. Tatu, nne. Uwase amepika ndagala zikaungua, lakini nimekula, ningefanya nini? Moja, mbili." Aliongea hivyo hadi mwanakwaya wa kwanza alipoingia akipangusa theluji viatuni, ndipo akakohoa na kujifanya anakaza waya.

Mwaka huo kamati ya kanisa ikaja na wazo la busara. "Heri, mwanangu," Mchungaji Callixte alimwambia baada ya ibada, "siku ukisafiri, nani atawasha hii redio? Siku ukigonjwa je?" Wakanunua programu ya kusimamia seva, ambayo wote waliizoea kwa jina la paneli. Ukiifungua unaona ukurasa wenye vitufe: hapa redio inawashwa, hapa inazimwa, hapa wasikilizaji ni wangapi na wako nchi gani. Yeyote anayemudu WhatsApp angeweza kuiendesha. Hilo lilimuuma Heri kidogo, ingawa mdomoni alisema, "Amina, Pasta."

Paneli ilikuja na masharti. Ilikubali kukaa juu ya distro tatu tu, zote kubwa, zote za watu wa kawaida. Heri alipojaribu kuiweka juu ya Tamm ilimjibu, kwa adabu, kwamba mfumo huo haiutambui, na ikagoma.

"Si uweke distro yenye wanataka?" Muriuki alimwambia. Muriuki alikuwa Mkenya wa Brooklyn Park, msimamizi wa kompyuta za hospitali, aliyewahi kuingia kwenye kanisa la Wakongo Jumapili moja kwa sababu ya muziki na hakutoka tena. Sasa ndiye aliyepiga gitaa la besi. "Ni kitu ya one hour, bro. Nakuletea kwa flash."

"Hizo distro zenu za hospitali zinaboa," Heri akasema.

"Zinaboa, lakini zinawaka."

Heri hakuiweka. Alifanya jambo jingine, na alilifanya mlango wa stoo ukiwa umefungwa. Ndani ya kila Linux kuna faili dogo ambamo mashine hujitambulisha: naitwa fulani, wa ukoo fulani. Programu ngeni ikitaka kujua imefika kwa nani, husoma hapo. Heri alilifungua faili hilo, akafuta jina la Tamm, akaandika jina la mojawapo ya zile distro tatu. Basi. Paneli iliporudi kuuliza, mashine ikajibu bila kupepesa kwamba ni ya ukoo huo, na paneli ikaingia na mizigo yake yote. Heri akacheka peke yake mle stooni, kama mtu aliyepita geti la kambi kwa kadi ya shemeji yake.

Mambo yakaenda, japo yalichechemea. Heri alijua paneli isiruhusiwe hata kidogo kusasisha mfumo, maana ingeleta vipande vya ukoo ule mwingine na kuvimwaga ndani ya Tamm. Kwa hiyo alizuia masasisho yasijiendeshe yenyewe, na alama nyekundu ya kukumbusha ikabaki ikiwaka pembeni ya ukurasa. Alikusudia kumwambia mtu. Kisha kulikuwa na ile sehemu ya kuonyesha nchi za wasikilizaji, ambayo haikuelewana na Tamm tangu siku ya kwanza. Kwa kila msikilizaji iliandika maneno yaleyale: mahali hapajulikani.

Na hapo Heri akagundua kitu cha kuudhi. Kila Jumapili, kabla hajasema hata "moja", paneli ilionyesha msikilizaji mmoja. Taa za mbele hazijawashwa, kwaya iko njiani, na mmoja yupo. "Roboti," Heri akajisemea. Mtandao umejaa programu zisizo na mwenyewe, zinazozurura na kugonga kila mlango. Kulikuwa na kitufe cha Zuia, akakibonyeza, mmoja akawa sifuri. Baada ya muda mfupi yule mmoja akarudi kwa namba nyingine ya mtandao. Heri akazuia tena. Ukawa ndio mchezo wake wa Jumapili, na alijisifia nao kwa Muriuki, mbele ya yeyote aliyekuwapo.

Mwezi wa nane mtoto akazaliwa, msichana mwenye mapafu ya mhubiri. Jina alikuwa nalo, lakini Heri na Uwase peke yao ndio waliolijua, kwa sababu kwao mtoto hatajwi jina mpaka litangazwe mbele ya watu siku ya kuwekwa wakfu. Mpaka siku hiyo kila mtu alimwita Mgeni. "Mgeni amelala?" "Mgeni amekojoa."

Mama yake Heri, Mama Dinah, alikuwa Nakivale. Wanawe wengine walipelekwa Australia na Kanada, na huko wajukuu watatu walizaliwa, na majina yote matatu yalimfikia kwa ujumbe wa simu. "Sawa na tangazo ya kukata umeme," alimwambia Heri, na hakuwa anatania. "Huyu wako nitamsikia mwenyewe. Usiniambie jina. Usiniandikie. Siku ya kumuweka wakfu nitakaa kwa redio yenu, Pasta ataita jina, na miye nitasikia na masikio yangu, sawa bibi wengine." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, iliyomchoma Heri kuliko ile ya juu, "Sijue kama nitapata mwingine wa kumusikia."

Heri akaahidi. Mwenye redio ni yeye, fundi ni yeye, angeshindwa na nini?

Jumamosi ya kuamkia siku hiyo kanisa lilisafishwa, kama kila Jumamosi. Mkuu wa usafi alikuwa Mama Nyiraneza, shemasi, mwanamke mfupi mwenye glavu za njano. Wiki nzima alisafisha vyumba vya hoteli karibu na uwanja wa ndege, na Jumamosi alisafisha nyumba ya Bwana kwa nguvu zaidi, maana hoteli, alisema, ni mazoezi tu. Hakuna doa lililowahi kupona mbele yake. Hata Walutheri waliowauzia jengo walipokuja kusalimia siku moja, walisimama mlangoni wakavua viatu bila kuambiwa.

Mama Nyiraneza alikuwa pia mmoja wa waliofundishwa kutumia paneli. Akashuka stooni na kitambaa chake. Akafuta meza, akafuta kiti, akafuta kioo cha kompyuta, na kioo kikaamka chini ya mkono wake. Pembeni akaona doa jekundu. Akalifuta, halikutoka. Akasugua. Akavaa miwani, akasoma: masasisho yanasubiri, mamia kwa mamia, yamerundikana tangu theluji ilipoyeyuka. "Eee, Heri," akasema kwa huruma, kama aliyefungua friji ya kijana asiyeoa. Chini ya doa paliandikwa Sasisha Vyote. Akavua glavu moja, akabonyeza.

Heri alipofika mchana na maikrofoni mpya ya Mchungaji, kioo kilikuwa cheusi, na mashine ilikuwa inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, bila kufika popote.

"Nani amegusa hii?" akauliza.

"Ni miye," akasema Mama Nyiraneza kutoka ngazini, bila wasiwasi. "Nilikuwa nasafisha. Kulikuwa ka bouton ka rouge kanawaka. Nikasema, huu uchafu nao wa wapi? Nikakabonyeza. Ikaanza kutembea, mistari na mistari, kiisha ikanyamaza."

"Ikanyamaza," Heri akarudia. Halafu akapasuka. Alipiga kelele ambazo wanawake wa kwaya walizisikia juu, mifagio mikononi: kwamba ameua redio, kwamba kesho ni siku ya mtoto, kwamba mama yake atakaa na simu sikioni asisikie kitu, na nani alimwambia abonyeze? Mama Nyiraneza alivaa glavu yake, akapanda ngazi, akakaa kwenye benchi la mwisho. Hakuna aliyewahi kumwona Mama Nyiraneza amekaa siku ya Jumamosi.

Muriuki akaja mbio kutoka Brooklyn Park, na flash mfukoni. Akachomoa diski, akaiunganisha na laptop yake, akaanza kuchungulia. Heri alisimama nyuma yake akijifanya anakunja waya ambao tayari ulikuwa umekunjwa.

"Manze, hii ni maajabu," Muriuki akasema. "Jina ni ya huku, matumbo ni ya kule, halafu juu yake kumemwagwa matumbo ingine." Akasogeza kidole kwenye kioo, akasoma faili lile dogo, akasoma mara ya pili, akageuka taratibu. "Buda. Uliipea ID fake?"

Heri akaangalia kanzu za kwaya.

"Uliipea ID fake!" Muriuki akacheka mpaka akaegemea sufuria, na sufuria nalo likalia. "Kwa kanisa! Halafu unapigia mama wa watu kelele!"

Ungedhani hapo Heri alinyoosha mkono akachukua flash. Hapana, kichwa chake hakikuwa chepesi hivyo. Akasema Tamm inaweza kuokolewa, anaijua vizuri, ampe muda tu. Akakaa chini. Alijaribu hiki, akajaribu kile, akaandikia jukwaa la watumiaji wa Tamm, na mtu mmoja wa Tallinn akamjibu kwa moyo mweupe kwamba hajawahi kuona jambo kama hilo. Mchana ukasogea. Juu, wanawake walimaliza kupiga deki wakaanza kupanga maua, na Muriuki akala sambusa zilizoachwa kwa ajili ya kesho.

Uwase akaingia, Mgeni mgongoni. Alikuwa amekuja kujaribu nguo nyeupe ya mtoto mbele ya taa za kanisa, lakini kule juu alikuwa ameambiwa kila kitu, na zaidi.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Naokoa redio."

"Unaokoa redio, ama unaokoa hiyo Linux yako?"

Heri akabonyeza tena kitufe cha kuwasha.

"Mama yako ana mjukuu mmoja tu ambaye jina lake bado hajaletewa kwa message," Uwase akasema. Hakupandisha sauti, na Heri alimjua Uwase. Asipopandisha sauti mambo yameiva. "Kesho atakaa nje ya mlango wake na hiyo simu. Wale watu wa Estonia watapona, Heri. Miye ninawaombea. Toka kwenye hiyo kiti."

Akatoka kwenye kiti. Alihuzunika kweli, na huzuni yenyewe ikamtia aibu, maana ilikuwa ya mashine. Akamwambia Muriuki, "Weka hiyo yako," na hakungoja kuona Tamm ikifutwa. Akapanda ngazi.

Mama Nyiraneza alikuwa bado kwenye benchi la mwisho. Heri akapiga magoti kando ya benchi, kwa sababu kusimama juu ya kichwa cha mama mtu mzima na kumwomba radhi ni matusi ya pili.

"Mama, si wewe," akasema. "Kile kitufe ni cha kubonyezwa, na ulibonyeza vizuri. Miye niliidanganya ile paneli. Niliiambia mashine ni ya aina nyingine, ndiyo paneli ikailetea dawa ya mgonjwa mwingine. Ungebonyeza kwenye mashine ya mtu mkweli, hakuna kitu kingetokea."

"Donc sikuharibu?"

"Hukuharibu."

"Na ulinipigia makelele mbele ya wamama."

"Nilipiga. Unisamehe, mama."

Mama Nyiraneza akamtazama usoni, akitafuta kama kuna doa lililobaki. "Nimekusamehe," akasema, akaamka, akachukua fagio. "Lakini miye sibonyezi tena kitu. Jamais."

Kabla jua halijazama redio ilikuwa inarusha tena, juu ya distro inayoboa. Paneli iliwekwa na haikuuliza swali hata moja. Masasisho yalipita, alama nyekundu ikazimika. Muriuki hakusema "nilikuambia". Aliimba tu, kwa sauti ya chini, akikunja nyaya, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumapili ilikuja na jua na umande ulioganda kwenye vioo vya magari. Heri alivaa suti. Siku hiyo nafasi yake ilikuwa benchi la mbele, pembeni ya Uwase na mtoto, kwa hiyo Muriuki alishika maikrofoni, na Mama Nyiraneza akawekwa nyuma mbele ya laptop yenye paneli, aangalie kama redio inawaka. Alikaa wima, mikono yote miwili mgongoni.

"One, two," Muriuki akasema kwenye maikrofoni. "Mic check. One, two." Na akaishia hapo, kama watu wengine.

"Heri!" Mama Nyiraneza akaita kutoka nyuma. "Yule mmoja wako amefika."

"Mzuie, mama," Heri akajibu, akihangaika na tai. "Ni roboti tu."

"Nimesema sibonyezi."

"Ni kitufe kidogo, hapo chini—"

"Heri, sibonyezi!" Halafu, baada ya kuinamia kioo, "Na leo ana bendera. Iko nyeusi, iko njano, iko nyekundu. Kuna ka ndege katikati."

Mikono ya Heri ikasimama kwenye tai. Distro mpya ilielewana na paneli kwa kila jambo, hata lile la nchi, na kwa mara ya kwanza ilikuwa inasema msikilizaji huyo yuko wapi: Uganda. Kabla hajapiga hatua, simu ikalia mfukoni. Ilikuwa namba ya mama yake, ambaye hakuwahi kupiga simu Jumapili asubuhi, maana Jumapili bando lilikuwa la ibada.

"Heri? Uko muzima?"

"Niko mzima, mama. Kuna nini?"

"Ni nani huyo anahesabu kwa Kingereza? Nilisikia sauti ya mwingine, nikasema mutoto wangu amepatwa na jambo. Moyo wangu umekimbia."

"Mama, unasikiliza saa hii? Ibada bado."

"Ibada nasikiliza na wenzangu," Mama Dinah akasema. "Hii ya mbele ni yangu. Kwa simu uko unasema 'tuko salama mama, tuko salama', kiisha bando inaisha. Kwenye kuhesabu ndiyo unaongea. Miye najua gari yako iligoma. Najua ndagala ya Uwase iliungua, musichana wa watu, umusaidie kupika." Akavuta pumzi. "Tena ile redio yenu ina ubaya moja. Ukianza kuongea, inakata. Nazima simu, nawasha, nangoja, narudi. Siku zingine inakata tena. Sijue ni mutandao."

Heri alisimama katikati ya kanisa, simu sikioni, na akakumbuka kila mara alipobonyeza kile kitufe, na alivyocheka, na alivyomsimulia Muriuki. Machozi yakamtoka hapo hapo, mbele ya kwaya iliyokuwa inaingia. Hakuyaficha.

"Haitakata tena, mama," akasema.

"Unalia?"

"Ninalia kidogo. Kata simu, mama, urudi kwenye redio. Nakuja huko."

Akaenda mbele, akampokonya Muriuki maikrofoni. Akakohoa. "Moja, mbili," akasema. "Moja, mbili. Mama, ni mimi. Nimevaa suti, tai imenikaba. Mgeni amelala, lakini usidanganyike, akiamka utamsikia mpaka huko bila redio. Uwase amevaa kitenge kile ulichomtumia. Tatu, nne." Wanakwaya wakasimama na viatu vyao mikononi kumtazama. Kule nyuma Mama Nyiraneza alikodolea macho ile bendera kama mlinzi wa benki.

Ibada ilipofika pa kumweka mtoto wakfu, Mchungaji Callixte akampokea mtoto, akamwinua mbele ya watu wote, akauliza jina. Uwase akainamia maikrofoni. "Kirezi," akasema. Mchungaji akalitangaza kwa sauti ya kujaza jengo, Mama Nyiraneza akapiga vigelegele kutoka nyuma, na Kirezi akaamka, akafanya kile baba yake alichoahidi.

Redio huchelewa kidogo kufika. Heri alijua hivyo, na alingoja, mkono kwenye mfuko wa suti, huku nyimbo zikianza. Simu ikatetemeka. Akaiweka sikioni bila kujali yuko wapi, na hakusikia salamu. Alisikia umati. Paneli ilikuwa imemhesabu kuwa msikilizaji mmoja, lakini simu hiyo moja ilikuwa imewekwa juu ya kiti, na majirani wote wa Mama Dinah walikuwa wameizunguka, wanaita Kirezi, Kirezi, wakubwa kwa wadogo, na sauti ya mama yake juu ya zote, "Nimemusikia! Nimemusikia mwenyewe!"

Jumapili iliyofuata Heri aliwahi zaidi. Alimleta Kirezi, akamweka kwenye mapaja, akavuta maikrofoni. Bendera ilikuwa tayari pale. "Moja, mbili," akaanza. "Mama, juzi amecheka. Uwase anasema ni gesi tumboni, lakini mimi nilikuwepo, alicheka."

"Heri!" Mama Nyiraneza akaita kutoka kwenye laptop, mikono imepanda juu, mbali na kila kitu. "Ile kitu ya rouge imerudi! Inasema masasisho!"

Heri akamtazama yeye, akatazama ile bendera kwenye kioo, na namba moja pembeni yake.

"Bonyeza, mama," akasema.

"Vraiment?"

"Bonyeza tu."

Mama Nyiraneza akavua glavu moja, akanong'ona sala fupi, akabonyeza. Mistari ikatembea, mistari na mistari, kisha alama nyekundu ikatoka, kioo kikabaki safi. Moja ilikuwa bado moja. Heri akageukia maikrofoni, akaendelea kumweleza mama yake jinsi mtoto alivyocheka.